Masika Niliyokwama Ng'ambo na Pikapu Yangu

Ujumbe uliingia kwenye simu nikiwa barazani napeta mchele, na miwani nilikuwa nimeiacha ndani, kwa hiyo nikampa simu mkwe wangu anisomee. Huyu binti ameolewa na mwanangu mwaka huu huu, bado anatembea kwa adabu nyumbani kwangu, hata kucheka kama anaomba ruhusa. Akasoma kimya, akanitazama, akasoma tena. "Mama," akasema kwa sauti ya chini, "wameandika hivi: shikamoo bibi, mke mwenzio ametutoka alfajiri, mazishi kesho saa nane." Nilipiga ukelele mpaka kuku wakatimka. Nililia pale pale na ungo mapajani, mchele ukamwagika, na yule binti akabaki amesimama hajui afanye nini, maana kwa anavyojua yeye mama mkwe wake ni mke wa mtu mmoja tu, na mtu huyo yupo, alikuwa ndani anasikiliza redio. Baadaye nikamsikia jikoni akimnong'oneza mumewe, "Kwani baba alikuwa na mke mwingine ng'ambo?" Mwanangu akajibu, "Si baba. Mama ndiye alikuwa na mume mwingine ng'ambo." Mjinga yule, msiba mzito namna ile naye anatania! Lakini hakukosea, na marehemu mwenyewe, Bibi Yustina, angemsikia angeshika mbavu kwa kucheka.

Tulivuka kesho yake kwa gari la mwanangu. Siku hizi pale Kivukoni kuna daraja, na kabla sijamaliza kujifunga kitambaa kichwani tulikuwa tumeshafika upande wa pili. Wajukuu waliokaa nyuma hawakuyatazama hata maji, walikuwa wameinamia simu zao. Mimi niliyatazama. Mto ule ulinishika masika nzima, mimi na gari langu la kwanza, na leo nauvuka kama navuka mfereji. Msibani wanawake wa nyumba ile walinitandikia mkeka katikati yao, wakanipisha karibu na jeneza, na nikamsikia mgeni mmoja akiuliza yule mama wa Ifakara ni nani. Akajibiwa, "Huyo ni mke mdogo wa marehemu babu." "Mke wa kweli?" "Wa kweli kabisa, tena alikuja na gari lake." Wanawake wakacheka kidogo huku wanafuta machozi, nami nikacheka, nikalia, nikaona nikifika nyumbani ni lazima niyaandike haya kabla na mimi sijatangulia. Mambo ya nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani nayaacha, hayana uhusiano wowote na gari.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya buluu, ama tuseme iliwahi kuwa ya buluu. Niliinunua kwa fundi ujenzi mmoja wa mjini aliyekuwa anahamia Mlimba, akasema huko ataishi na treni, gari amechoka nalo. Kiti cha dereva kilikuwa kimechanika, nikakishonea kitenge cha maua makubwa mekundu. Mlango wa abiria haukukubali kufunguliwa kwa nje, ilibidi dereva ainame amfungulie mtu kwa ndani, na watu wenye vyeo walipenda sana jambo hilo kwa sababu walidhani nawaheshimu. Ili kuipata niliuza cherehani yangu, nikauza baiskeli, nikauza na shamba langu la mpunga kule Michenga, shamba zuri lenye udongo unaoshika maji. Kaka yangu alisema nimerukwa na akili. "Mwanamke hajajenga hata banda la kuku, ananunua gari! Utalala ndani yake?" Nikamwambia nitalala. Nilikuwa na mdomo mimi, na bado ninao. Lakini usiku niliogopa, kwa sababu alisema kweli: kila nilichokuwa nacho duniani kilikuwa kimesimama pale nje kwa magurudumu manne, na likiharibika lile gari, mimi narudi kushonea watu viraka kwa cherehani ya kuazima. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, sina mume, sina mtoto. Nilibeba chumvi, sabuni na mafuta ya taa kupeleka minadani, nikarudi na mpunga na kuku, na kila jioni niliifuta pikapu ile kwa kitambaa kibichi hata kama haikuwa na vumbi.

Kuna jambo hakuna aliyeniambia nilipokuwa nanunua. Kwetu sisi mtu akiwa na gari, misiba ya majirani wote ni yake. Hutaulizwa una nafasi au huna, utaulizwa tu tanki lina mafuta au halina. Masika ilikuwa imeanza, mwaka ule wa mvua kubwa ambazo watu wazima wa bondeni bado wanazitaja, na pale Kivukoni walishaanza kusema pantoni itasimamishwa siku yoyote maji yakizidi. Mimi nilikuwa nimeshaapa sivuki tena mpaka kiangazi. Asubuhi moja akaja mwanamume simfahamu, amevaa koti limelowa, akasimama mlangoni. "Dada, shikamoo." Mtu mzima ananiamkia mimi shikamoo! Nikajua hapo hapo kuna kifo. Akasema ndugu yao, Kandidusi, fundi seremala aliyekuwa akifanya kazi hapa mjini, amefariki, na wazee wake wako ng'ambo, na wanataka alale nyumbani. "Tumesikia una gari." Nilitazama mawingu, nikamtazama yule mtu, nikaingia ndani kuchukua ufunguo. Ungefanyaje? Ungemwambia nini?

Tulivuka na pantoni imejaa, mto umekuwa mwekundu kama chai ya maziwa, na jeneza liko nyuma, wanawake wamekaa kulizunguka wanaimba nyimbo za kanisani. Tulipofika nyumbani kwao, kijiji cha wakulima tu, nyumba za matofali ya kuchoma na za miti zimesambaa kwenye vinundu vya ardhi, nilimwona mzee mrefu mwembamba amesimama peke yake katikati ya uwanja. Huyo ndiye Babu Anselmi, baba wa marehemu. Hakuja karibu na gari. Watu walishusha jeneza, wakalipitisha mbele yake, naye akaligusa kwa ncha za vidole, kisha akageuka akatangulia ndani. Tukazika mchana ule mvua ikinyesha. Mimi nilikuwa na haraka ya kurudi, ufunguo uko mkononi, na nilipomwendea mama wa marehemu kuaga, yule Bibi Yustina, mfupi, mnene kidogo, macho yamevimba, alinishika mkono akasema, "Hapana, mama. Gari lililomleta mwanangu haliondoki na udongo wa kaburini. Tutaliosha wenyewe siku ya kuanua matanga. Ndivyo tunavyofanya." Nikasema bibi, pantoni. Akasema pantoni ipo tu, imekuwepo siku zote. Hata kaka yangu na ukorofi wake asingeweza kumkatalia mama aliyetoka kumzika mtoto. Nikakaa.

Siku ya kuanua matanga walikuja wanawake na ndoo, na Bibi Yustina akawaambia wote waoshe pembeni, kule nyuma ataosha yeye. Alipanda, akapiga magoti, akasugua ile bodi lilipokaa jeneza kwa mikono yake, polepole, kama anamwogesha mtu. Na wakati bado maji ya sabuni yanatiririka akaja mtu na baiskeli, ameloa mpaka kiunoni, akasema pantoni imefungwa tangu asubuhi, mto umepanda, gati la upande huu halionekani. Nilikaa chini kwenye matope. Sikumlaumu mtu, lakini nilikaa chini.

Njia ya kurudi ilikuwepo, kwa mtumbwi, kwa anayethubutu. Kaka yangu aliniletea salamu kwa wavuvi: liache hilo debe, njoo uokoe roho yako. Watu wa msibani walianza kuondoka hivyo hivyo, kwa mitumbwi, nao wakaniambia twende. Nikasema siendi. Niliingia kwenye pikapu, nikafunga mlango, nikashika usukani kama mtoto aliyenuna, na mvua inapiga juu. Nikiliacha, nani atalitazama? Maji yatalichukua, au watu watalichukua kipande kipande, na kiangazi nitakuta kitenge changu cha maua kimefungiwa mtoto mgongoni. Ndipo nikamwona Babu Anselmi anakuja na jani la mgomba kichwani. Alisimama mbali kidogo na gari, hatua kadhaa, akapaza sauti. "Mwanangu," akaanza, halafu sauti ikakatika. Akatazama pembeni. Alipogeuka tena akasema, "Hapana. Mwanangu nimemzika juzi. Wewe nitakuita mjukuu."

"Sawa, babu."

"Basi toka humo, mjukuu, uje ule. Gari limekwama kwa ajili yetu. Litakaa hapa, na wewe utakaa hapa, mpaka mto utakapochoka."

Walinipa chumba alichokuwa akilala Kandidusi akija likizo. Kitanda cha kamba, alichokitengeneza mwenyewe, kizuri, miguu yake imechongwa. Picha ya Bikira Maria imefifia. Shati lake la kazi limetundikwa kwenye msumari. Siku ya kwanza Bibi aliingia kulitoa, akalinusa, akasimama nalo, kisha akalirudisha pale pale. "Liache tu, halikusumbui," akasema. Halikunisumbua. Tulikula wali na kambale wa kukaushwa kwa moshi, na matembele yaliyopikwa kwa karanga, sinia moja sote watatu, na ile sehemu ya samaki yenye mafuta Bibi aliisukuma upande wangu bila kuniangalia. Kati ya chumba changu na chao ulikuwepo ukuta wa matete tu, kwa hiyo kila alfajiri, kabla jogoo hawajachoka, niliwasikia wakizungumza. Sikutegesha sikio, lilitegeka lenyewe. Asubuhi moja nilimsikia Babu akisema, "Nikiliona gari lile, naona jeneza." Bibi akamjibu, "Tulifunike kwa majani?" Halafu Babu, "Hapana. Ndilo lililomleta. Lakini mimi sitaligusa." Nikavuta shuka nikajifunika uso. Toka siku ile nilianza kumtazama, na ni kweli, kila alipopita uwanjani alizunguka upande wa pili, hata kama upande ule ndio wenye matope.

Mafuriko ya kwetu hayaji kwa kelele. Unalala uwanja ni uwanja, unaamka bata wa jirani wanaogelea. Maji yalianza kwenye mashamba ya chini, yakaja kwenye njia, na mchana mmoja nikaona yameshafika kwenye tairi za mbele. Nilichukua jembe nikaanza kuchimba mfereji kuyazuia, mjinga mimi, nauzuia mto na jembe. Nilichimba nalia, na matusi yananitoka, mengine ya Kindamba ambayo sikujua kwamba nayajua. Nyuma ya nyumba palikuwa na kichuguu cha zamani, kipana, kirefu kupita mtu, juu yake kimekaa kihenge cha Bibi, ghala la matete na udongo lililohifadhi mpunga wao wote wa kula na wa mbegu. Ukiacha nyumba yenyewe juu ya kinundu chake, hapo tu ndipo palipokuwa pakavu. Lakini kulipandisha gari pale walihitajika wanaume wengi, na wanaume wote walikuwa wanaokoa mbuzi wao, watoto wao, magunia yao. Nani aje kuokoa debe la mwanamke wa Ifakara?

Babu Anselmi alinitazama nikichimba. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia majini akaondoka bila kusema kitu. Nilidhani amenichoka. Kumbe alikuwa anakwenda nyumba hadi nyumba. Maji yanapeleka sauti mbali, nasi tukamsikia kutoka kule: "Jamani, njoni! Nimeoa uzeeni, mke mbichi kabisa, na mto unataka kuninyang'anya! Mke wangu mdogo anazama!" Kwa wasiojua mila zetu, mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, kwa mdomo, kwa kutaniana, na hakuna anayekasirika. Lakini huyu alikuwa mzee aliyefiwa, tangu mazishi hajaonyesha hata jino. Kule mtu mmoja akaangua kicheko, na wa pili, na sauti ikauliza, "Ana sura nzuri, babu, au tusijisumbue?" Naye akajibu, "Sura ya nini? Ana gari!" Bibi Yustina alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. "Umesikia?" akaniuliza. "Yule ni Anselmi anayetania?" Akakaa kwenye kizingiti, akalia kwa sauti, kilio ambacho hata siku ya mazishi sikukisikia. Kisha akanyanyuka, akajifunga kanga kiunoni, akachukua panga, akapanda kichuguu. Nikamwuliza bibi, unafanya nini? "Mume ameoa," akasema, "mke mkubwa anatoa chumba." Na akaanza kukata kamba za kihenge chake.

Nilimzuia. Nilimwambia bibi, hicho ni chakula chenu, mwaka mzima, gari ni chuma tu. Akanitazama kwa ukali. "Kihenge ni changu, nimekijenga mimi, nakibomoa mimi. Wewe kawashe gari, mke mwenzangu." Wanaume walipofika na kamba na mabua ya kutandika chini ya tairi, nusu ya kihenge ilikuwa imeshashuka. Nikawasha. Mungu akubariki, fundi wa Mlimba, liliwaka mara ya kwanza tu. Wao wakavuta, mimi nikakanyaga mafuta, tairi zikarusha matope mpaka meno yao yakawa meusi. Babu alikuwa mbele kabisa ameshika kamba, mbali na bodi, anaimbisha, "Mke huyo!" nao wanaitikia, "Mpandishe!" Liliteleza likarudi, nikapiga kelele, wakashika. Likateleza tena. Mara ya mwisho niliona kichwa cha Babu kimeinama, mishipa ya shingo imetoka, mzee wa umri ule, na nikaomba moyoni, nikasema Mungu wangu, kama ni kuchukua, chukua gari, huyu muache. Ndipo likapanda. Lilisimama juu ya kichuguu limeinama kidogo mbele, na wanaume wale wakalala chali kwenye majani wakicheka kama walevi.

Mpunga uliobomolewa ghala tuliupakia kwenye pikapu. Ndivyo gari langu lilivyogeuka kihenge. Tuliupanga magunia nyuma, tukafunika kwa turubai, na mbegu za Bibi tukaziweka mbele kwenye kiti cha abiria. Babu alibeba kama wengine, gunia juu ya gunia, lakini alipofika kwenye bodi alimkabidhi mtu aliye juu, akageuka. Hakuweka hata kiwiko pale. Jioni ile maji yalizunguka kichuguu pande zote, na nyumba ikabaki na kisiwa chake, sisi watatu humo na kuku, na chakula cha mwaka mzima kiko ndani ya gari la mwanamke wa Ifakara. Leo nikifikiri, sijui nani alimwokoa nani.

Maisha ya masika ile nayakumbuka kuliko miaka mingine ambayo mambo makubwa yalinitokea. Kila asubuhi Bibi alipanda kichuguu na ungo, akagonga kwenye bati, "Hodi garini!" nami niliyeko ndani nawasha injini kidogo ili betri isife nikamwitikia, "Karibu, leta na chai." Wavuvi walizoea mngurumo ule, wakasema bila pikapu hawajui kama kumekucha. Kuku mmoja alitagia chini ya usukani, ikabidi niwe namwomba msamaha kila ninapotaka kukanyaga klachi. Redio ya gari ilikuwa inashika, kwa hiyo saa za taarifa ya habari mitumbwi ilikuja ikafungwa kwenye kichuguu, watu wakakaa kwenye maji mpaka magotini wakisikiliza bei za mazao na salamu za mikoa. Na utani ulioanza siku ile haukulala. "Mke mwenzangu, leo ni zamu yako kumpikia mumeo," Bibi ananiambia. Nami, "Mimi nilimpikia jana, akasema wali mbichi." Babu, anashona nyavu pale pembeni, anapumua kwa huzuni ya kuigiza. "Wake wawili, jamani, na bado nakula kambale wa juzi. Ningejua ningeoa gari lenyewe." Usifikiri huzuni iliondoka. Kuna mchana Bibi aliacha mwiko kwenye sufuria, akaenda chumbani kwangu, nikajua amelifuata lile shati. Lakini akirudi alirudi na neno la kunichokoza, na mimi nikajua kazi yangu ni kumjibu.

Maji yalipoanza kushuka, mpunga wa mapema kule juu ulikuwa umeanza kujaa, na Bibi akapika pepeta, mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, wenye harufu ambayo nikiisikia hata leo sokoni nasimama. Tukajenga kihenge kipya. Mimi nilikanda udongo. Mpunga ukarudi mahali pake, gari likashushwa, na siku ikaja mtu wa baiskeli akasema pantoni inavuka. Nilitaka kuwaachia kitu. Bibi akasema nikileta habari hizo atanichapa, mke mdogo hana adabu. Asubuhi ya kuondoka Babu alitoka amevaa koti lake la kanisani. "Tutakusindikiza mpaka mtoni," akasema.

Niliinama nikamfungulia Bibi mlango kwa ndani, akapanda, akaweka kuku wawili miguuni. Nikasubiri Babu aje ajibane naye. Hakuja. Nikamwona kwenye kioo amezunguka nyuma. Alisimama pale, mkono uko karibu na bodi, hauigusi. Muda ulipita. Nikataka kushuka, Bibi akanishika paja. "Muache." Halafu Babu akaweka mguu kwenye tairi, akajivuta, akapanda. Hakukaa ukingoni kama abiria wanavyokaa. Alikwenda katikati, akakaa chini, akanyoosha miguu, na baada ya kidogo akalala chali, koti na yote, mikono kifuani, akitazama juu.

"Endesha," Bibi akasema. Alikuwa anatazama mbele tu. "Kama ulivyoendesha siku ile."

Nikaendesha. Barabara ilikuwa mashimo matupu baada ya maji yale. Watu waliokuwa wanajenga upya kuta zao walinyanyua mikono kutusalimu, kisha wakamwona mzee Anselmi alivyolala, wakashusha mikono wakasimama kimya mpaka tukapita. Mimi nilikuwa naona barabara kwa shida, na kila tulipofika kwenye shimo nilisimama kabisa, nikalishuka kama nashusha mtoto aliyelala.

Pale Kivukoni kijana wa pantoni alianza kupiga kelele, wewe mama wa pikapu, panda tunaondoka! Mwenzake akamgusa bega, akanyamaza. Babu aliamka taratibu, akashuka, akakung'uta koti. Akaja dirishani kwangu. Macho yake yalikuwa mekundu lakini uso umetulia, uso ambao sikuwahi kuuona juu yake masika yote ile.

"Unajua," akasema, "nilikuwa nalala najiuliza kama barabara ilimwumiza. Kutoka mjini mpaka hapa, na mashimo haya. Nilikuwa nawaza alirushwarushwa humo, peke yake, ndani ya sanduku." Akaweka kiganja chake juu ya bodi ile ambayo hakuwahi kuigusa, akakiacha pale. "Kumbe ulimleta polepole. Nimelala hapo, sikuumia popote. Asante sana. Asante sana, mama."

Nilikuwa mgeni wa usukani, nikiogopa kila shimo. Baiskeli zilinipita, na mji mzima wa Ifakara ulinicheka kwa mwendo wangu ule. Yeye ndiye mtu pekee aliyewahi kunishukuru kwa huo mwendo.